MOSHI WA KARAI: MAFUTA YAKO YAVUMILIA MOTO KIASI GANI?



Ukipita asubuhi katika vijiji vya pwani yetu, tangu Mtwapa mpaka Ngomeni, utaona makarai juu ya mafiga. Hapa mtu anapika mahamri ya kula kwa mbaazi. Pale, karibu na bandari ya wavuvi, wale kina mama waitwao mama karanga wanakaanga tafi na changu ili wawauze kabla ya jua kuwa kali. Mara nyingi utaona pia moshi mwembamba ukipanda kutoka ndani ya karai, na mpishi akifuta machozi. Husema, "Sasa mafuta yamepata moto, tia samaki."

Hilo ni kosa, nalo lakula fedha. Wengi wenu katika skimu za Magarini, Ngerenya, Tezo na Roka mna minazi. Mnazi wetu mrefu humngojesha mtu miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Si vizuri kungoja miaka yote hiyo, kisha uyaharibu mafuta yake kwa asubuhi moja. Kwa hiyo somo la mwezi huu ni juu ya moshi wa mafuta.

MOSHI HUTOKA WAPI?

Maji yakitiwa katika sufuria wazi huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi, wala hayazidi hapo hata ukiongeza kuni. Mafuta sivyo. Kadiri utiavyo kuni ndivyo yazidivyo kuwa moto. Yale mapovu uyaonayo ukitia samaki si mafuta yachemkayo. Ni maji ya samaki yatokayo kwa mvuke.

Mafuta yakizidi kupata moto, mwisho huanza kuvunjika yenyewe, na moshi hutoka. Moshi huo una mvuke mkali uitwao akrolini, ndio uumao macho na koo. Kiasi cha joto ambacho moshi huanza kuonekana tutakiita kikomo cha moshi. Mafuta yakipita kikomo chake, chakula huwa kichungu, na mafuta yenyewe hayadumu.

Kukaanga samaki au mahamri kwataka joto la digrii 170 mpaka 190. Basi mafuta ya kazi hiyo yafaa yawe na kikomo kilicho juu ya hapo.

JINA LA MAFUTA HALITOSHI

Hivi ndivyo vikomo vya mafuta yajulikanayo kwetu. Ni vya kukadiria, maana hutofautiana kidogo:

Siagi: digrii 150 mpaka 175
Karanga, yasiyosafishwa: 160
Nazi, ya kupikwa nyumbani: 177
Simsim, yasiyosafishwa: 177
Nazi, yaliyosafishwa kiwandani: 204 na kuzidi
Alizeti, yaliyosafishwa kiwandani: 225 na kuzidi
Samli safi: 250

Angalia siagi na samli. Zote mbili zatoka katika maziwa ya ng'ombe yule yule. Lakini siagi ina maji, karibu sehemu 16 katika kila 100, pamoja na chembe za maziwa ambazo huungua upesi. Ukiichemsha siagi polepole mpaka maji yaishe, kisha ukaichuja, umepata samli, na kikomo chake kimepanda sana. Hukubadili ng'ombe, umeondoa uchafu na maji tu.

Mafuta ya nazi ni vivyo hivyo. Ya kiwandani na ya nyumbani yatoka katika mnazi mmoja. Yale ya nyumbani yana harufu nzuri, lakini yana chembe na asidi zaidi. Asidi ndiyo adui mkubwa: kadiri izidivyo ndani ya mafuta, ndivyo kikomo cha moshi kishukavyo.

MAFUTA YA NAZI YALIYO SAFI

Ukitaka mafuta yako yavumilie moto, anza kwenye nazi yenyewe.

Ukitumia tui, chagua nazi zilizokomaa, zisizoota wala kunuka. Zikune, kamua tui, lichuje kwa kifumbu, kisha lichemshe kwa moto mdogo. Usiepue mapema. Ngoja mpaka mlio wa maji ukome, mafuta yawe meupe kama maji ya kisima, na shata igeuke rangi ya kahawia. Epua, acha ipoe kidogo, kisha chuja kwa kitambaa safi kikavu. Shata ikibaki ndani ya mafuta, itaungua kwanza na kutoa moshi kabla ya mafuta yenyewe.

Ukikamua mbata, kausha vizuri. Nyama ya nazi mbichi ni maji karibu nusu nzima. Mbata nzuri haina maji zaidi ya sehemu 6 au 7 katika 100. Ianike juu ya jamvi au kichanja, si mchangani, nayo ifunikwe usiku na wakati wa mvua. Mbata iliyoota ukungu hutoa mafuta yenye asidi nyingi, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mbata hiyo usiikamue mafuta ya kula, wala usiwape mifugo.

Weka mafuta katika chupa kavu yenye kifuniko, mahali penye kivuli. Mwanga, hewa na maji huyachachusha.

KILA MAFUTA NA KAZI YAKE

Tazama tena orodha. Mafuta ya nazi ya nyumbani yafikia digrii 177 tu, na kukaanga kwataka 170 mpaka 190. Maana yake, yanafaa sana kwa mboga, kwa kuunga mchuzi, na kwa kukaanga kidogo kwa moto wa taratibu. Lakini mama karanga akaangaye karai baada ya karai mpaka saa sita atayaunguza. Kwa biashara hiyo ni afadhali kutumia mafuta yaliyosafishwa, na mafuta yako mazuri ya nazi kuyauza kwa wale wayatakao kwa harufu yake.

JINSI YA KUKAANGA

1. Pangusa samaki mpaka akauke. Maji huongeza asidi katika mafuta na kuyarusha mwilini.

2. Jaribu joto kwa kijiti kikavu cha mti. Vipovu vidogo vikikizunguka, mafuta ni tayari. Usingoje moshi.

3. Ukiona moshi, toa kuni mara moja, ngoja utulie, ndipo uendelee.

4. Usijaze karai kwa samaki. Mafuta hupoa, samaki hunywa mafuta, nawe huchochea moto bila sababu.

5. Opoa makombo kwa kijiko cha matundu kila mara. Ukimaliza, acha mafuta yapoe, chuja, funika.

6. Usiongeze mafuta mapya juu ya mafuta yaliyochoka. Hayatapona, mapya ndiyo yatakayoharibika upesi.

Mafuta yaliyochoka hujionyesha. Huwa meusi na mazito, hufanya povu lisilotulia, hunuka, tena hutoa moshi mapema kuliko jana. Hayo ya mwisho ndiyo dalili kubwa. Yakifikia hapo, yamwage katika shimo mbali na kisima.

MOTO UKISHIKA

Moshi ni onyo. Mafuta yakizidi kuachwa juu ya moto hushika moto yenyewe bila kuguswa na mwali. Na nyumba zetu nyingi ni za makuti. Kwa hiyo kaanga nje, mbali na paa, na katika majira ya kusi weka kizuizi cha upepo. Watoto wasichezee karibu. Usiondoke ukaliacha karai juu ya moto hata kwa kumwita jirani.

Moto ukishika ndani ya karai, USITIE MAJI. Maji huzama chini ya mafuta na kugeuka mvuke mara moja. Mvuke huo huchukua nafasi mara 1,700 kuliko maji yenyewe, nao hurusha mafuta yawakayo mpaka paani. Usilibebe karai wala kulikokota. Lifunike kwa kifuniko kikubwa au kipande cha bati, ondoa kuni kama waweza bila hatari, kisha ngoja mpaka lipoe kabisa. Kwa hiyo bati la kufunikia liwe karibu nawe kabla hujawasha moto.

Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Usipake mafuta, unga wala dawa ya meno. Akiungua sana, au akiwa mtoto, mpeleke hospitali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini samli huvumilia moto kuliko siagi?
2. Ni mambo gani matatu hushusha kikomo cha moshi?
3. Utajuaje mafuta yamechoka?
4. Bati lako la kufunikia karai liko wapi sasa hivi?

Yasome maswali haya pamoja na watu wa nyumbani mwako jioni ya leo. Likiwapo swali ambalo hamwezi kulijibu, rudieni somo. Na kama swali la nne ndilo lililowashinda, katafuteni bati hilo kabla ya kupika kesho.