Farasi Kumi, Brashi Mbili

Wadau wa Malimbe, bumu halitoshi kununua kila rangi dukani, ila rangi tano na brashi mbili zinatosha kupaka kikosi kizima cha wapanda farasi wa gemu ya mezani. Wengi huanza na sanamu moja, huihangaikia siku nne, kisha huchoka. Tisa hubaki tupu mpaka UE.

Mimi napaka kwa hatua: hatua moja, sanamu zote kumi.

Zioshe kwa sabuni, zikauke. Piga rangi ya msingi. Kama ni ya kupuliza, usiipige siku ya mvua. Unyevu huifanya itoke na chengachenga. Kisha paka farasi, halafu nguo, mwisho silaha. Ongeza maji kidogo kwenye rangi: tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, maana nzito hufukia macho na hatamu. Nyeusi iliyozimuliwa sana iingie kwenye mikunjo. Ikikauka, pitisha brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi juu ya manyoya.

Vitako navipaka kijivu, nyeupe kidogo juu, kama mawe yetu ya Mwanza. Hapo wote kumi wanaonekana wametoka nchi moja. Mpinzani wako mezani haoni jicho la farasi mmoja, anaona kikosi.