Mlango kwanza, plasta baadaye

Kiangazi kilichopita nilihamia na familia Busunzu, wilayani Kibondo, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye chumba kimoja na sebule. Fedha ilitosha jambo moja tu: kupiga plasta ukuta wa mbele, au kuigawa sebule watoto wapate chumba chenye mlango. Fundi alishauri plasta, kwani ndiyo wapita njia wataiona. Nikakaribia kukubali.

Mke wangu akaniuliza, "Mwalimu, Surat An-Nur unawafundisha watoto wa wenzio tu?"

Aya ya 58 inataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri tunapopumzika, na baada ya Isha. Wakishabaleghe, aya ya 59 inawataka waombe kama wakubwa wao. Sasa, mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi abishe hodi wapi? (Ninyi mliopanga chumba kimoja mjini, walau tundikeni pazia zito.)

Tukajenga ukuta. Usiku wa kwanza binti yetu wa miaka sita alibisha hodi mara tatu, kisha akaingia bila kujibiwa. Hilo la kurudi usipojibiwa bado tunamfundisha. Plasta inasubiri mavuno ya maharage, inshaallah.