Usiwe Mgeni kwa Mama Yako

Mama yangu ana umri wa miaka 78, na kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia. Maneno humtoka kwa shida. Tumemweka katika nyumba ndogo ya kulelea wazee, wapo wanane tu, na mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, mtu wetu wa mtaani. Jamaa wanasema mengi. Kaka yangu aliyeko Maskati, ambaye ndiye alipaye, anataka nimthibitishie kwamba mama anatunzwa vyema. Mimi naona ni pazuri: sakafu inang'ara, hapanuki, na kila Jumapili saa nne nikifika humkuta mama sebuleni kaogeshwa, kajitanda leso safi, tasbihi mkononi, nami huletewa chai. Chumbani kwake sijaingia tangu siku tuliyompeleka, kwani naona haya kuwasumbua. Nitazame mambo gani ili nijue kama kweli anatunzwa?

Mwenye Tashwishi, Mombasa

Binti yangu, barua yako ilikuwa ndefu kuliko ilivyochapwa hapa, nami nimeyaacha maneno ya jamaa na hesabu za kaka yako, kwa sababu lililo zito umeliandika kwa sentensi moja, tena katikati ya sifa: kwamba chumbani kwa mama yako hujaingia tangu siku mliyompeleka. Waniuliza utazame nini, ilhali pahala pa kutazama umejizuilia mwenyewe. Sakafu uliyoisifu ni ya ukumbi wa wageni, leso uliyoiona ni ya Jumapili saa nne, na chai uliyokunywa ni takrima ya mgeni. Uliyoyakagua ni mapokezi, na mapokezi hayo ni yako wewe, si ya mama.

Nami naijua hiyo haya, wala siamini kwamba ni haya ya kuwasumbua wauguzi. Ni haya ya mwana aliyelelewa akiambiwa kwamba mzazi hutunzwa mikononi mwa wanawe mpaka siku yake ya mwisho, na ambaye, akishamkabidhi mama yake kwa watu baki, hujiona hana tena uso wa kudai lolote, kwa kuwa moyo wake humsuta mchana na usiku: wewe uliyeshindwa kumlea, utawezaje kuwakosoa wanaomlea? Basi huingia kwa adabu, hushukuru, hunywa chai, huondoka. Na mzee hubaki pale pasipo wakili, kwa sababu wakili wake anajihisi mshitakiwa.

Rai yangu, ambayo nimeishikilia miaka mingi na sitaiacha, ni kwamba kumpeleka mzazi penye mikono ya kumnyanyua si kumtupa. Mtu mzima asiyeweza kujigeuza kitandani huhitaji kugeuzwa kila saa mbili au karibu na hapo, mchana na usiku, na mwanamke mmoja mwenye watoto na kazi hawezi kuyatimiza hayo peke yake ila kwa kuuangamiza mgongo wake na usingizi wake. Na hao jamaa wasemao mengi, aghalabu hakuna hata mmoja wao aliyekuja usiku mmoja kushika zamu. Kutupa ni jambo jingine kabisa: ni kuiacha dhima mlangoni pamoja na mkoba wa nguo. Mama uliyemweka pale ni amana, na mwenye kuweka amana ana haki ya kuihesabu wakati wowote apendao, wala mwekewa aliye mwaminifu hachukii kuhesabiwa. Kumrudisha nyumbani inawezekana, mkipata watu wawili wa kupokezana. Kama hamna, msidanganyane.

Nyumba ndogo, nayo, ina fadhila yake na hatari yake. Fadhila ni kwamba wazee wanane hujulikana mmoja mmoja kwa majina na kwa hulka, yupi hupenda chai isiyo na sukari na yupi huogopa giza, jambo ambalo ni muhali penye vitanda mia. Walakini katika nyumba kama hiyo mwenye nyumba mara nyingi ndiye muuguzi, ndiye msimamizi, ndiye mwenye funguo za dawa na ndiye apokeaye pesa. Hana mkubwa juu yake humo ndani, na mwenye malalamiko hana mwingine wa kumwendea. Akiwa tena ni mtu wa mtaani, kila swali huonekana tusi. Kwa hivyo macho ya jamaa ndiyo ukaguzi wa kila siku wa nyumba ndogo, na jamaa wakiyainamisha, ukaguzi umekwisha.

Watu wa Marekani, ambao katika nyumba zao za wazee yaliwahi kufichuliwa mambo ya kusikitisha, walitunga sheria mwaka 1987 kwa ajili ya nyumba zinazolipwa na mifuko ya serikali, na ndani yake mna mambo mawili yanayokuhusu. La kwanza, wakaguzi huja bila taarifa, na mtu ambaye anaijulisha nyumba siku ya ukaguzi aweza kutozwa faini, ambayo sheria ilipotungwa ilikuwa ya hadi dola 2,000. La pili, jamaa wa karibu hawazuiwi kumwona mzee wao, maadamu mwenyewe ameridhia. Nyumba ambayo inaijua saa ya kukaguliwa huitengeneza saa hiyo, na saa nyingine zote za juma hubaki hazina shahidi. Nawe, pasipo kukusudia, umewapa taarifa ya kudumu.

Basi zibadili saa zako. Nenda siku ya kazi wakati wa chakula cha jioni, nenda asubuhi mapema kabla ya watu kuogeshwa, na siku moja nenda usiku, uulize ni nani atakayekuwa macho saa nane za usiku, na ni wangapi. Ingia chumbani. Anza na gilasi ya maji: mama yako hana mkono wa kulia, na ikiwa gilasi imewekwa kulia kwake, basi ana kiu hata kama imejaa, na aliyeiweka hajamfahamu bado. Kisha ukikunjue taratibu kiganja cha mkono uliopooza, kwa maana vidole vya mkono kama huo hujikunja, na usipooshwa, ukakaushwa na kunyooshwa kila siku, kiganja huvunda na kucha huchoma nyama. Kiganja hicho kilikuwa mbele yako kila Jumapili pale sebuleni, nawe ukatazama leso.

Mgeuzeni, wewe na mlezi, umtazame visigino, nyonga, na pale chini ya mgongo mfupa unapokalia godoro. Vidonda vya kulalia huanza kwa wekundu usiotoweka ukibonyezwa, lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo hufichika; weka kitanga cha mkono wako, usikie kama pana joto au ugumu kuliko pembeni mwake, na ukiusikia, useme siku hiyo hiyo. Kaa naye akila. Mtu aliyepatwa na kiharusi huweza kupaliwa, na chakula kikishuka mapafuni huleta homa ya mapafu, kwa hiyo ni lazima aketi wima, alishwe kidogo kidogo na mlezi aliyekaa kitako mbele yake, na asilazwe mara amalizapo. Omba uzito wake wa kila mwezi: mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 kwa mwezi mmoja, daktari aitwe. Omba karatasi ya dawa, na ukimkuta amezama usingizini kila saa ufikapo, uliza ni dawa gani na ni nani aliyeiandika. Mwombe mwenye nyumba leseni yake ya sasa ya Baraza la Wauguzi la Kenya, kwani ujuzi wa zamani haujazi nafasi ya leseni. Mwenye nayo huitoa mara moja.

Kuna na stahi, ambayo haimo katika karatasi yoyote. Ni nani amwogeshaye mama yako, ni mwanamke, na mlango hufungwa? Husitiriwa nguo moja ivuliwapo na nyingine haijavikwa, au huachwa wazi huku watu wakipita? Huelekezwa kibla na kusaidiwa kutawadha au kutayamamu saa za sala zinapofika? Tasbihi uliyoiona mkononi mwake Jumapili, je, humo mkononi Jumatano? Mwanamke wa makamo yake huweza kuvumilia njaa asiseme, lakini kuvunjiwa sitara humdhili mpaka ndani ya nafsi, na nyumba inayolifahamu hilo mara nyingi huyafahamu na mengine.

Kisha muulize mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Usimwulize kama anatunzwa, maana atakujibu Alhamdulillahi, kwa adabu yake na kwa kukuonea huruma. Muulize juu ya usiku mmoja: jana ulipotaka kwenda msalani, ulimwita mtu, na alikuja? Kwa kuwa ulimi wake ni mzito, mpe maswali ya ndiyo na la, umngoje, usimmalizie maneno. Na mlezi aingiapo, usimtazame mlezi, mtazame mama usoni. Uso wa mtu aliyekuwa akisema nawe ukifungwa ghafula kwa kumwona fulani, hiyo ni shahada, nawe uipokee kama upokeavyo shahada ya mwenye ulimi mwepesi.

Wala usiende kama askari. Mwenye nyumba ile huenda ni mwanamke mwema aliyechoka, na mwema huyo atafurahi kuona jamaa anayejua kumgeuza mgonjwa, aulizaye kwa heshima na ashukuruye kwa jambo mahsusi. Ukiona kasoro, mwambie yeye kwanza, faraghani, kwa kuitaja kasoro yenyewe na siku yake, na uandike katika daftari. Akirekebisha, umepata mshirika. Akikwambia kwamba chumbani hapaingiwi na jamaa, usibishane naye: mtafutie mama pahala pengine, na umhamishe.

Imebaki ripoti ya kaka yako. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, asiteswe, na apate malezi kutoka kwa jamaa zake na kwa dola. Jamaa, yaani na yeye aliyeko ng'ambo. Mwandikie yote uliyoyaona chumbani, mazuri na mabaya, kisha umtake ampigie mama simu mwenyewe kila juma, ahesabu sauti yake kama ahesabuvyo riyali, na apange safari. Mwambie kwamba pesa zake zinafika kila mwezi, na kwamba yeye bado hajafika.