Afisa Mtendaji wa Kijiji na Mkazo wa Nafsi Kazini

Afisa mtendaji wa kijiji katika kata ya Maguu, kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, hutumikia mabwana wawili. Mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya, nayo humdai mapato na taarifa. Papo hapo, katika mfumo uliojengwa juu ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, yeye ni katibu wa halmashauri ya kijiji, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wanakijiji. Wa juu wakisema, “Kusanya michango,” wa chini hujibu, “Ngoja kahawa iuzwe.” Akiwatii hawa, amewaasi wale.

Wataalamu wa elimu-nafsi huiita hali hii mgongano wa dhima. Jirani yake ni utata wa dhima, yaani mtu kutojua mipaka ya madaraka yake wala kipimo atakachopimiwa. Robert Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliyachunguza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1964. Waliona kwamba aliyebanwa hivyo huwa na wasiwasi mwingi, huridhika kidogo na kazi yake, na, jambo la kuzingatiwa zaidi, hujitenga na wanaombana. Barua hukaa bila majibu, vikao huahirishwa. Kwa kujitenga hukosa maelezo ambayo yangeupunguza utata, na madai huzidi. Mwili nao hushiriki: homoni za adrenalini na kotisoli huongezeka katika damu, moyo huenda mbio, usingizi huruka.

Jambo hili si geni katika nchi za Ziwa Nyasa. Mwaka 1949 Max Gluckman, Clyde Mitchell na John Barnes waliandika juu ya mkuu wa kijiji katika makoloni ya Waingereza ya Afrika ya Kati, ikiwamo Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Alikuwa jamaa wa wanakijiji na pia mtumishi wa serikali ya kigeni. Tabia za wakuu hao zilitofautiana. Kiti kilikuwa kile kile. (Hata mkuu wa idara chuoni, anayewasimamia walimu wenzake huku akitii utawala, hukijua kiti hicho.)

Kwa hiyo kumhamisha mtendaji aliyechoka, kana kwamba kasoro ni ya moyo wake, ni kumrithisha mwingine mzigo huo huo. Yafaa zaidi wilaya na kijiji vipatane kwa maandishi juu ya tarehe ya michango na nani mwenye kauli ya kuiahirisha, kabla mtendaji hajatumwa nyumba kwa nyumba.