SOMO LA BUSTANI: Majirani Wanaoufaa Mlavenda

Mtu atakaye kujenga nyumba hutazama kwanza jirani zake, kwa maana akikosea hapo atajuta siku zote. Mimea nayo ni vivyo hivyo. Leo, ndugu wasomaji, tutajifunza jinsi ya kuchagua mimea ya kuoteshwa kando ya mlavenda, ule mmea wenye maua ya zambarau na harufu nzuri.

Kwanza yatupasa kujua asili yake. Mlavenda watoka katika nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania, kwenye vilima vya mawe ambako kiangazi ni kikavu na udongo hauna rutuba nyingi. Kwa hiyo hupenda jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na udongo usiotuamisha maji wala usio na uchachu mwingi. Huchukia kivuli, unyevu na samadi nyingi. Jirani mwema ni yule apendaye yayo hayo.

Mwandishi wa somo hili alijifunza jambo hili kwa hasara. Aliotesha miche 6 katikati ya sukuma wiki na mnanaa, akaitilia samadi na kuimwagilia maji kila jioni. Mboga zilistawi, lakini milavenda ikaanza kunyauka. Akadhani ni kiu, akazidisha maji. Miche 4 ikafa, na alipoing'oa aliona mizizi imeoza. Ile 2 iliyopona ilikuwa ukingoni, karibu na njia ya kokoto, mahali ambapo maji hayakusimama.

Majirani wema ni hawa:

1. Rosmari, zaatari na seji. Hizi hupenda jua na ukavu kama mlavenda wenyewe, tena hutiwa katika chakula.

2. Mshubiri. Huu huweka maji katika majani yake, wala hauombi kumwagiliwa mara kwa mara.

3. Waridi, lakini kwa hadhari. Waridi hutaka maji na samadi. Basi, ikiwa bustani ina mteremko, panda mlavenda upande wa juu na waridi upande wa chini, umbali wa futi 3, ili maji na mbolea ya waridi visitiririkie mlavenda.

Majirani wabaya ni mnanaa, nduma na kila mmea upendao mahali pa majimaji. Ajabu ni kwamba mnanaa ni wa ukoo mmoja na mlavenda. Lakini udugu si ujirani, kwa kuwa mnanaa hutaka maji, na mizizi yake hutambaa na kunyang'anya nafasi. Vilevile usiupande mlavenda pamoja na mimea ya udongo mchachu, kama vile chai. Penye udongo wa namna hiyo, upimwe kwanza, kisha utiwe chokaa kwa kadiri itakiwayo.

Je, na mboga? Maua ya mlavenda huvuta nyuki, na maboga na matango hayazai vema bila wadudu wa kuchukua chavua. Basi weka milavenda karibu na shamba la mboga, lakini katika tuta lake peke yake.

Kabla ya kupanda, chimba shimo la futi 1, ulijaze maji, yakishanywea ulijaze tena. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, inua tuta kwa mchanga na kokoto. Acha futi 2 au 3 kati ya mche na mche ili upepo upite. Mwagilia mpaka mizizi ishike, kisha ngoja udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Maua yakiisha, pogoa matawi mabichi tu. Usikate mti mkavu usio na majani, maana mara nyingi hauchipui tena.

Basi, msomaji, utakapokwenda kununua mche, usiulize rangi ya ua tu. Uliza pia: mmea huu wanywa maji kiasi gani? Jibu hilo ndilo litakaloonyesha mahali pake.