Muuza maua wa Pune na Kiswahili cha nyumbani

Nilikaa Pune miaka miwili, kuanzia 2015 hadi 2017. Mji huo uko katika jimbo la Maharashtra, magharibi ya India, na lugha yake ni Kimarathi. Sisi tunaotoka Kongo kwenda kusoma kule, wengi tunafika tukidhani kwamba Wahindi wote wanasema Kihindi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku ya pili nilimwuliza mama mwenye nyumba, kwa Kihindi cha kitabuni, maji yako wapi. Akanionyesha mtungi, kisha akanijibu kwa Kiingereza kwamba katika nyumba hii watu wanasema Kimarathi. Baadaye nilisoma kwamba sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 83 wenye Kimarathi kuwa lugha yao ya kwanza. Nikaona haya kidogo.

Mama huyo alikuwa amepita miaka sabini, na watu wote wa nyumba walimwita Aji, yaani nkambo. Nami nikamwita hivyo. Chuoni nilifundishwa na walimu wazuri, lakini mambo mengi ya lugha nilifunzwa na Aji jikoni. Asubuhi moja nilipokuwa nikitoka nilimwambia “jato”, naenda. Akaacha kukanda unga akanitazama. Mmarathi anayetoka nyumbani hasemi anaenda. Anasema “yeto”, naja, kwa sababu kusema “naenda” ni kama kuwaambia uliowaacha kwamba hurudi tena. Siku nyingine alinisahihisha neno “sisi”. Kimarathi kina “sisi” mbili: “amhi” ni sisi bila wewe unayesikiliza, na “apan” ni sisi pamoja na wewe. Kwa miezi mitatu niliwaambia wenzangu darasani “amhi twende tukanywe chai”, nikashangaa kwa nini hawasimami.

Haya ni mambo ya sarufi, na msomaji anaweza kuyakuta katika kitabu chochote. Ninaloliandikia makala haya ni jingine. Ni swali ambalo kozi zetu za tafsiri hulipita haraka: mtu wa mchezo anaposema “vibaya” katika lugha yake, sisi tutamfanya asemeje katika lugha yetu? Swali hilo sikulipata darasani. Nililipata kwa sababu Aji alipenda michezo ya kuigiza.

Kila asubuhi alifungua gazeti, na kabla ya habari za serikali alisoma matangazo ya michezo: jina, saa, ukumbi. Katika magazeti ya Kimarathi matangazo hayo hupangwa kama matangazo ya sinema. Mara ya kwanza alinipeleka Bal Gandharva Rangmandir, ukumbi uliofunguliwa 1968. Umepewa jina la mwimbaji na mwigizaji Bal Gandharva (1888–1967), aliyepata sifa kubwa kwa kuigiza wanawake, wakati ambapo wanawake wenyewe walikuwa hawapandi jukwaani. Wamarathi huhesabu teatro yao ya sasa kuanzia 1843, Vishnudas Bhave alipoonyesha mchezo wa Sita mjini Sangli. Mwaka 1880 Annasaheb Kirloskar akamleta Shakuntala wa Kalidasa jukwaani kwa Kimarathi na kwa nyimbo.

Siku hiyo sikuelewa hata nusu ya maneno. Nilichoelewa ni ukumbi wenyewe. Kengele ililia mara tatu, na baada ya ya tatu hakuna aliyesimama tena. Ilikuwa jioni ya kazi, watu walikuwa wametoka ofisini, na viti vilijaa. Wote walikuwa wamelipa tikiti. Nakiri kwamba mimi nilizoea teatro ya mwaliko, ile ya kuingia bure na hotuba ndefu mwanzoni. Wakati wa mapumziko watu walikimbilia batata vada, viazi vilivyopondwa na viungo, vikavingirishwa katika unga wa dengu na kukaangwa. Mzee mmoja nisiyemjua, aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni, aliniambia “apan” tunywe chai. Hakusema “amhi”. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujua tofauti.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Purushottam Laxman Deshpande, ambaye Wamarathi humwita Pu La tu, aliishi 1919 hadi 2000. Alikuwa mwandishi, mchekeshaji, mwanamuziki, na msafiri aliyeandika juu ya kukaa kwake Uingereza. Mwaka 1975 ukatokea jukwaani mchezo wake “Ti Phulrani”, ambao ni “Pygmalion” wa Bernard Shaw uliohamishiwa Kimarathi. Msichana muuza maua anaitwa Manjula, na mwigizaji wa kwanza alikuwa Bhakti Barve. Kisa tunakijua: mtaalamu wa matamshi anamchukua msichana wa barabarani, na kwa miezi michache anamfundisha kusema kama mtu wa tabaka la juu.

Kwa Shaw, Eliza anatambulikana kwa Kiingereza cha mitaa maskini ya London. Je, Mmarathi atatambulikana kwa nini? Hapa ndipo mtafsiri anapoanza kutoka jasho. Pune wanajisifu kwamba Kimarathi chao ndicho safi, na alama moja ya usafi huo ni herufi mbili za n. Moja inatamkwa ulimi ukigusa meno. Nyingine inatamkwa ulimi ukikunjwa juu kwenye kaakaa, na wataalamu huiandika ṇ. Maji ni “paṇi”. Mtu wa shamba, au wa mtaa wa wafanyakazi, husema “pani”. Maana haibadiliki na maji ni yale yale, lakini aliyesikia amekwisha kujua wewe ni mtoto wa nani, na pengine amekwisha kuamua atakuketisha wapi.

Aji alikuwa na mchezo huo katika video ya zamani. Tuliutazama jioni moja ya mvua. Alijua maneno yote, akawa anayasema kabla ya mwigizaji. Kuna mahali ambapo Manjula, akiwa peke yake, anaapa kwamba siku moja atamfunza adabu profesa wake. Aji alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akanyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani wanawe hawakulijua. Yeye alizaliwa kijijini, mbali na Pune. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka wa kwanza mama mkwe alikuwa akimwita mbele ya wageni ili aseme neno “maji”. Akikosea, wageni wanacheka, naye anarudia. Alijifunza ile ṇ kwa miezi miwili. Dada zake walipokuja kumtembelea, alisema, walidhani anajivuna.

Nilimsikiliza nikakumbuka daftari langu. Katika mwaka wa kwanza wa masomo yangu hapa Kongo mwalimu mmoja alinirudishia insha ya Kiswahili, na kila “mutoto” na kila “bantu” ilikuwa na duara jekundu. Pembeni aliandika kwamba hii si lugha. Na kule Pune, wanafunzi wenzangu kutoka Tanzania, watu wema walionipikia ugali nilipougua, walikuwa wakiniomba niseme “batoto beko wapi” ili wacheke. Nilisema. Nilicheka pamoja nao. Baada ya muda nikaanza kuwajibu kwa Kiingereza.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya 1975, na kwamba leo kila mtu anasema anavyotaka. Filamu inatoa jibu zuri zaidi kuliko mimi. Mwaka 2016, nikiwa bado kule, ilitoka “Sairat” ya Nagraj Manjule, ambayo iliingiza fedha kuliko filamu zote za Kimarathi zilizoitangulia. Ni mapenzi ya kijana wa tabaka la chini na binti wa mwenye mashamba. Wanasema Kimarathi cha upande wa Solapur, chenye vumbi lake, na hakuna profesa anayekuja kuwasahihisha. Archi, binti yule, anaendesha pikipiki na trekta. Kijana mmoja anapojifanya hakumwelewa, anamwuliza kama Kimarathi hakiingii, amwambie kwa Kiingereza. Sinema nzima ilipiga kelele. Vijana wa Pune wenyewe walianza kuiga matamshi ya Solapur, jambo ambalo mama mkwe wa Aji asingeliamini.

Lakini ninachokithamini zaidi katika filamu hiyo ni nusu ya pili. Wapenzi wanakimbilia Hyderabad, ambako watu wanasema Kitelugu. Ghafla binti yule mwenye ulimi mkali hana neno. Hawezi hata kueleza shida yake. Anajifunza polepole, kwa mama anayewasaidia na kazini kiwandani, mpaka siku moja Kitelugu kinamtoka bila kufikiri. Kwa macho yangu ya mwanaisimu hiyo ni hadithi ya pili, iliyofichwa ndani ya ile ya mapenzi. Mtu aliyekuwa bwana katika lugha moja anakuwa mtoto katika nyingine, bila kosa lolote la sarufi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonirudisha Lubumbashi. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili ukurasa wa kwanza wa “Pygmalion” wautie katika Kiswahili: mvua, watu waliojikinga mbele ya kanisa, msichana ambaye maua yake yameangushwa matopeni, na mtu aliyejificha akiandika kila anachosema. Nikawagawa katika vikundi vitatu.

Kikundi cha kwanza kilimpa msichana Kiswahili cha kitabu na makosa machache. Matokeo yalikuwa baridi. Hakuna mtu hapa mjini anayesema hivyo, wala mwenye makosa wala asiye na makosa. Kikundi cha pili kikamweka soko la Kenya, hapa Lubumbashi, akasema: “Maua yangu yote inaharibika mu matope!” Darasa likacheka, na kicheko kilikuwa cha kumtambua mtu. Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma akauliza: tunamcheka nani, ikiwa sisi wote tunasema hivyo tukitoka nje ya mlango huu? Hakuna aliyejibu upesi.

Kikundi cha tatu kilikwama kwa profesa. Yeye atasema nini? Akisema Kiswahili sanifu, mchezo unakuwa wa uongo, kwani hapa kwetu muuza maua hapandi cheo kwa kuacha “ba” na kushika “wa”. Anayempandisha ni Kifaransa. Lakini profesa akisema Kifaransa, kisa kinageuka. Eliza na Manjula wanafundishwa kusema vingine lugha ile ile waliyozaliwa nayo. Wa kwetu ataambiwa aiache mlangoni. Atakuwa amekwenda Hyderabad bila kutoka Lubumbashi. Mimi niliegemea Kifaransa, na bado naegemea huko, ingawa gharama yake ni kubwa: nusu ya mchezo itakuwa katika lugha ambayo mama wa sokoni, akija kutazama, hataielewa vizuri, na tutakuwa tumemcheka mbele yake kwa mara ya pili.

Mwanafunzi mmoja alileta pingamizi ambalo sikulipenda siku ile. Alisema muuza maua wa soko letu anajua Kiswahili, Kibemba, Kiluba kidogo, na Lingala ya kuzungumza na askari. Profesa wa Shaw angemwandika daftari tatu. Nilimjibu kwamba tukifanya hivyo tunavunja mchezo, maana Eliza anakuja kama mtu mwenye upungufu. Akaniuliza nani amesema lazima tusivunje. Deshpande mwenyewe, alisema, hakutafsiri, alihamisha. Nilibadilisha mada, jambo ambalo mwalimu hufanya akishindwa.

Tulisimama mahali pale ambapo profesa anamkemea msichana kwa kuichafua lugha yake, akimkumbusha kwamba ni lugha ya Shakespeare, ya Milton na ya Biblia. Mmarathi ana majina ya kuweka hapo bila kutafuta: Dnyaneshwar wa karne ya 13, Tukaram wa karne ya 17, washairi ambao hata mwenye kuuza mboga anawaimba. Sisi tukaanza kutafuta. Wengi walisema Shaaban Robert. Ni jina kubwa, lakini ni la Tanga, na msichana wetu hamjui. Atashangaa kwa nini anatukanwa kwa jina la mgeni. Ndipo mmoja akaandika ubaoni: Mufwankolo. Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa. Ni kundi la waigizaji wa Lubumbashi lililochekesha wazazi wetu redioni na katika televisheni, kwa Kiswahili hiki hiki cha maduara mekundu, na ambalo Johannes Fabian aliliandikia kitabu kizima kilichotoka 1990.

Mwingine akasimama akalifuta. Alisema profesa hawezi kumkemea mtu kwa kusema kama Mufwankolo, halafu hapo hapo akamtaja Mufwankolo. Wa kwanza akachukua chaki akaliandika tena. Saa ikawa imekwisha, na kikundi kilichofuata kilikuwa kinangoja mlangoni. Karatasi zao ninazo. Katika mstari huo jina limeandikwa, limekatwa, na limeandikwa tena juu yake kwa kalamu ya rangi nyingine, na katika tano kati ya hizo nafasi imeachwa wazi.