Kidonda Kupona Si Kaswende Kupona

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja. Aliona kidonda kidogo kwenye uume. Kidonda hakikumuuma. Aliona haya kwenda zahanati. Jirani yake akampa vidonge 4 vya rangi mbili. Baada ya wiki chache kidonda kilikauka. Akasema, "Nimepona." Mwaka uliofuata mkewe alijifungua mtoto aliyekufa tumboni.

Mkulima yule hakuwa amepona. Alikuwa na kaswende, na mkewe pia.

Kaswende huletwa na vijidudu. Mtu huambukizwa kwa kujamiiana na mwenye ugonjwa. Kidonda hutokea wiki 3 hivi baadaye. Kwa mwanamke huweza kuwa ndani, asikione. Kidonda hicho hukauka chenyewe, hata bila dawa yoyote. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Husifu vidonge walivyomeza, kumbe vijidudu vimo katika damu.

Baadaye vipele huweza kutokea mwilini, hata viganjani na nyayoni. Navyo hupotea. Ugonjwa huweza kujificha miaka mingi, kisha ukaharibu moyo, ubongo au macho. Mama mjamzito humwambukiza mtoto aliye tumboni. Mimba huweza kutoka, au mtoto akazaliwa na ugonjwa.

Kaswende inatibika. Dawa yake ni sindano ya penisilini, ambayo huchomwa makalioni. Kaswende ya mwanzo hutibiwa kwa dozi 1. Kaswende ya zamani hutibiwa kwa dozi 3, moja kila wiki. Usiache dozi ya pili na ya tatu kwa sababu huoni dalili. Tena, wahi. Dawa huua vijidudu, lakini hairudishi moyo uliokwisha kuharibika.

Kisonono ni ugonjwa mwingine. Mwanamume hutoka usaha na huona maumivu anapokojoa. Wanawake wengi hawaoni dalili. Zamani kisonono kilitibiwa kwa penisilini. Siku hizi haifai tena, maana vijidudu vyake vimeizoea. Kumeza dawa pungufu huvisaidia vijidudu kuzoea dawa. Kwa hiyo usijichagulie dawa, wala usigawane vidonge na jirani.

Mambo ya kufanya

1. Ukiona kidonda, usaha au vipele, nenda zahanati mara moja. Mganga hutunza siri.
2. Mwambie mganga kama penisilini iliwahi kukudhuru.
3. Nendeni wote wawili. Akitibiwa mmoja tu, ataambukizwa tena na mwenzake.
4. Msijamiiane mpaka nyote mmalize dawa na zipite siku 7.
5. Mama mjamzito, nenda kliniki mapema. Damu kidogo ya kidoleni hupimwa, na jibu hupatikana siku hiyo hiyo. Pima na virusi vya UKIMWI, kwani kidonda huvifungulia njia.

Mke wa mkulima yule alipopata mimba nyingine alikwenda kliniki mapema. Alipimwa, na mumewe akaitwa. Wote wawili walichomwa sindano zao mpaka wakamaliza. Mtoto alizaliwa mzima.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mkulima yule alidhani amepona?
2. Kwa nini mume na mke watibiwe pamoja?
3. Katika kijiji chenu, ni jambo gani linalowazuia watu kwenda zahanati mapema? Mtaliondoaje?